Nimewasomea watoto hadithi ya amani, mapumziko wakaenda kugongana vichwa. Hivi vitabu vya picha vinafundisha amani au ugomvi?

#1 Mwl wa Awali
Wakuu habari. Nafundisha darasa la awali huku Morogoro vijijini, watoto wa miaka 5 na 6. Wiki iliyopita nimepata kitabu cha picha cha wale mbuzi wawili, hadithi wote mnaijua, daraja jembamba, huyu anatoka huku yule anatoka kule, hakuna anayetaka kurudi nyuma, wanapigana pembe weee mwisho wote chubwi mtoni. Picha kali mpaka mimi mwenyewe nilifurahi. Nikasoma kwa mbwembwe, nikauliza tumejifunza nini, darasa zima likaitika "tusigombaneeee". Nikajipongeza moyoni.

Mapumziko natoka nje nakuta wamelaza gogo, wamepanga foleni pande mbili, wanakutana katikati wanagongana vichwa. Kila mmoja anasubiri zamu yake ya kuwa mbuzi! Mmoja katoka na nundu kwenye paji la uso, kesho yake mama yake yuko getini anauliza hii shule inafundisha nini.

Hoja yangu ni kwamba ili uonyeshe amani inabidi kwanza uchore ugomvi, na mtoto anaondoka na ugomvi, amani anakuachia mwenyewe. Bora tusiwasomee kabisa. Nipingeni.

#2 Kijiwe cha Kahawa
Walipanga foleni bila fimbo? Madam somo limeeleweka hilo, sisi watu wazima kwenye mwendokasi bado hatujafika hapo 😂😂

#3 Kipepeo77
Tusimbeze mleta uzi, ana hoja. Kuna watafiti Marekani waliwafuatilia watoto wa chekechea na vipindi vya tivii wanavyoangalia, wakakuta hata vile vya kielimu, vya kufundisha upendo na kushirikiana, wanaoviangalia sana walikuwa wanazidi ile tabia ya kutengana, "hatuchezi na wewe", "sio rafiki yetu". Maelezo yao ni kwamba kipindi kinakula muda mwingi kwenye ugomvi halafu kupatana kunawekwa pale mwisho kabisa, na mtoto wa miaka 4 haunganishi mwisho na mwanzo. Anachukua kile alichokiona kirefu.

#4 SunguraMjanja
Kipepeo hiyo ni tivii. Tivii inakimbia yenyewe, kitabu unakifunua wewe na unaweza kusimama ukauliza. Mleta uzi, ukurasa upi ulikaa nao muda mrefu zaidi?

#5 Mwl wa Awali
Wa pembe. Ndio mzuri kuliko zote. Halafu darasa lina watoto 74 na kitabu kimoja, ikabidi nizunguke nao mstari kwa mstari wote waone. Ule wa kuanguka mtoni nimewaonyesha wa mbele tu, kengele ikagongwa.

#6 SunguraMjanja
Umejijibu. Wa nyuma mpaka leo hawajui kama mbuzi walianguka. Kwao ni muvi ya Kihindi umeme umekatika stelingi ndo anaanza kupiga.

#7 Kijiwe cha Kahawa
Kwanza hata wakianguka tatizo liko wapi, mbuzi anaogelea.

#8 Fundi Umeme
Mbuzi haogelei bana, mbuzi anaogopa hata manyunyu.

#9 Mfugaji Simanjiro
Akitumbukia anaogelea vizuri tu, ila hapendi. Tuendelee na mada.

#10 Mama Wawili Nairobi
Niko na kamoja PP2, chekechea ya huku kwetu, so hii thread ni yangu. Mimi nadhani shida si kitabu, shida ni hiyo "tumejifunza nini". Sisi wa enzi ya Nyayo, Rais Moi, tulikariri amani, upendo na umoja kila siku, tukipewa na maziwa ya Nyayo juu yake. Tuliyaimba hayo maneno kama watoto wazuri. Halafu zikafika vurugu za baada ya uchaguzi, Desemba 2007 na mapema 2008, na watu zaidi ya 1,100 wakauawa, na wengi waliokuwa barabarani na panga ni rika langu, tulikunywa maziwa pamoja. Kuitika si kuelewa. Hao 74 waliitika tu.

#11 Fundi Umeme
Mimi niseme ukweli ambao walimu hamtaki. Unamsomea mtoto mambo ya amani na fimbo iko juu ya meza, anaiona. Mtoto anasoma ile fimbo. Wakenya viboko shuleni walivipiga marufuku 2001, sisi bado sheria inaruhusu. Anza hapo ndo uje na mbuzi.

#12 Mwl wa Awali
Fundi mimi siwachapi wa awali. (Fimbo ipo lakini ni ya kuonyeshea ubaoni.)

#13 Fundi Umeme
Wote mnasema ya ubaoni 😂

#14 Mama Wawili Nairobi
Fundi kupiga marufuku ni kwa karatasi, usituonee wivu sana.

#15 Mshamba Msomi
Naona wote mmeruka jambo moja, ni kwamba wahusika ni mbuzi. Chuo Kikuu cha Toronto walichukua hadithi moja ya kugawana, watoto wa miaka 4 hadi 6, kundi moja wakasomewa yenye picha za wanyama waliovaa nguo, kundi lingine hadithi ileile ila picha ni za watu. Wakapewa stika wagawie mwenzao ambaye hakupata. Waliosomewa ya watu waligawa zaidi kuliko mwanzo, waliosomewa ya wanyama walipunguza. Yaani mtoto akiona rakuni amevaa suruali anasema hayo ni mambo ya marakuni. Kwahiyo mleta uzi tafuta kitabu chenye watoto, mbuzi waachie wafugaji.

#16 Bi Mkubwa wa Unguja
Mshamba hebu pole pole mwanangu. Sisi tumekuzwa na sungura na fisi. Bibi anaita paukwa, tunaitika pakawa, na hakuna aliyesema hayo ni mambo ya sungura. Wala picha hapakuwa, picha ilikuwa uso wa bibi na kivuli chake ukutani kwenye mwanga wa kandili. Wazungu hawana sungura kama wetu ndo maana.

#17 SunguraMjanja
Bi Mkubwa shikamoo. Kwa jina langu ilibidi nikutetee ila hapana, sungura wetu anafundisha amani gani? Anakopa halipi, anamdanganya fisi mpaka anauawa, anakunywa maji ya kisima ambacho wenzake wamechimba yeye hakuchimba, na mwisho tunashangilia. Huo ni ujanja. Ukimfundisha mtoto amani kwa sungura utapata mwanasiasa.

#18 Bi Mkubwa wa Unguja
Marahaba. Na kile kisima ulichokitaja mwishowe alikamatwa na kobe, umelisahau hilo kwa sababu hulipendi.

#19 Tochi
Mshamba #15 umeikata nusu ile ya Toronto. Kwenye lile kundi la wanyama, watoto walioona kwamba wanyama wale wako kama watu waligawa zaidi kuliko ambao hawakuona hivyo. Kwahiyo tatizo sio mnyama kama mnyama, ni kama mtoto anamuona ni mwenzake.

#20 Bi Mkubwa wa Unguja
Basi Tochi umenisaidia. Sungura ana nyumba, ana mke, ana shamba na ana madeni. Mtoto gani wa kwetu asimuone mtu?

#21 Mshamba Msomi
Nimekubali kwa Tochi. Kwa Bi Mkubwa bado nafikiria.

#22 Chaki Nyeupe
Mwl wa Awali usijisikie vibaya, yangu ni kubwa. Septemba 21 ni Siku ya Amani Duniani, shule yetu ikaamua tuadhimishe. Nikawasimulia la kwanza na la pili habari za Sadako, yule binti wa Hiroshima, bomu lilipigwa Agosti 1945 ana miaka 2, akaja kuugua saratani ya damu akiwa darasani kama wao, akiwa hospitali akawa anakunja ndege wa karatasi, Wajapani wanaamini ukikunja 1,000 unapata unachoomba. Akafika 644 akafariki. Picha nilizitoa kwenye simu nikazibandika. Darasa kimya, nikaona nimewapata. Nikagawa karatasi nikasema haya na sisi tukunje ndege.

Wakakunja ndege. Za kuruka, za ATCL. Dakika mbili darasa zima ndege zinapita juu, mmoja kasimama kwenye dawati anapiga kelele "nadondosha bomuuu".

#23 Kijiwe cha Kahawa
😂😂😂😂 nimemwaga kahawa. Kiswahili kimekuponza mwalimu, ungesema korongo.

#24 Chaki Nyeupe
Ningesema korongo wangeenda kuchimba shimo.

#25 Tochi
Chaki samahani narekebisha, hiyo 644 ni ya kwenye kitabu kimoja cha Marekani cha miaka ya 70. Makumbusho ya Hiroshima na kaka yake Sadako wanasema alivuka 1,000, alizifikisha mwishoni mwa Agosti 1955 akaendelea kukunja, akafariki Oktoba 25 mwaka huohuo. Alikuwa na miaka 12.

#26 Kipepeo77
Kwahiyo mwandishi alipunguza ili tulie zaidi?

#27 Tochi
Au ili wenzake darasani wapate cha kumalizia, maana kwenye kile kitabu wao ndo wanakunja zilizobaki akazikwa nazo. Ila mimi naona ya kweli ni ngumu zaidi. Alifikisha na bado.

#28 Mama Wawili Nairobi
Hiyo ya kweli siwezi kusomea mtoto wa 5. Wangu ataniuliza kama alifika 1,000 mbona alikufa na niko na kazi asubuhi.

Anyway hata za kwetu hazina afueni. Tuna kitabu cha picha cha Wangari Maathai, alipata Nobeli ya amani 2004, miti kila page, poa kabisa. Tukafika page askari wanampiga rungu. Ni kweli ilifanyika, Uhuru Park 1992 polisi walimpiga mpaka akazirai. Kakaniuliza "mami, kama yeye ndiye wa amani mbona polisi wanampiga, polisi si ni wa amani?" Nikafunua page.

#29 SunguraMjanja
Ungemjibu tu ukweli. Hapo ndo tunapokosea, kwetu amani tunaifundisha kama kunyamaza. Mtoto akinyang'anywa embe tunamwambia mwachie mwenzio tuwe na amani. Aliyenyang'anya yeye anakula embe kwa amani.

#30 Kijiwe cha Kahawa
Hapa uzi unaelekea siasani, mods wako macho. Kisiwa cha amani kisiguswe 🤐

#31 Mama Fizi
Bonjour wote. Mimi ni mwalimu wa batoto badogo mu kambi ya bakimbizi ya Nyarugusu, natoka Fizi, Kongo. Nilikuwa nasoma tu lakini nitasema hii moja. Tulipata bitabu, kimoja kinaongea juu ya vita na amani. Picha ya mwisho ni kijiji mangaribi, manyumba, muti, njia. Iko muzuri. Chini bameandika kijiji kimepata amani. Mimi sikusoma bado ile maneno, nikauliza kwanza batoto munaona nini. Moja anasema, watu bamekimbia. Bengine bote banasema ndiyo, bamekimbia, angalia hata mbuzi hakuna.

Nikaangalia ile picha tena. Hakuna mutu. Hakuna moshi, hakuna nguo ku kamba. Ni kweli bamekimbia.

#32 Mwl wa Awali
Mama Fizi asante. Sina la kuongeza.

#33 Mkono wa Penseli
Mama Fizi hiyo picha nahisi naijua, sio mimi niliyechora ile ila nimechora nyingi za namna hiyo. Mimi ni mchoraji wa vitabu vya watoto, na ngoja niwaambie inavyokuwa. Unaletewa maandishi kurasa 16 au 24. Ugomvi unachorwa wenyewe, una pembe, una vumbi, kuna mdomo wazi, kuna kitu kimepasuka. Ukifika mwisho mwandishi ameandika "wakaishi kwa amani" na hapo umebakiwa na siku mbili na wino wa kijani. Unafanyaje? Unachora jua linazama. Au njiwa, na njiwa mtoto wa kijijini ukimuonyesha anauliza manati iko wapi.

Kwahiyo naungana na mleta uzi nusu. Ugomvi unachoreka na amani haichoreki, au sisi hatujajifunza kuichora. Kuanzia sasa ukurasa wa mwisho naweka moshi na mbuzi.

#34 Kipepeo77
Na nguo kwenye kamba.

#35 Mkono wa Penseli
Na nguo kwenye kamba. Na mtu anasukwa nywele.

#36 SunguraMjanja
Mbona wapo waliofanikiwa kuichora. Kuna kile kitabu cha fahali wa Hispania, mama mmoja wa Kijerumani alikiandika baada ya vita akawagawia watoto wa Berlin.

#37 Mzee wa Maktaba
Sungura umegusa fani yangu, na umechanganya. Kitabu cha yule fahali, Ferdinand, ni cha Wamarekani, Munro Leaf ndiye aliyeandika na Robert Lawson akachora, mwaka 1936, kabla ya vita kuu ya pili. Hispania ndiyo kwanza wenyewe kwa wenyewe walikuwa wameanza kupigana, kwahiyo watu wakakisoma kama fumbo, dikteta wao Franco akakipiga marufuku na Wanazi nao hawakukitaka.

Mama unayemsema ni Jella Lepman. Myahudi wa Ujerumani, mwandishi wa habari, alimkimbia Hitler akaenda Uingereza, vita ilipokwisha 1945 akarudi na jeshi la Marekani kama mshauri wa mambo ya wanawake na vijana. Anakuta watoto kwenye vifusi, hawana chakula na vitabu walivyonavyo ni vya Hitler. Akaziandikia nchi 20 aombe vitabu vya watoto, na nyingi ya nchi hizo ndizo zilizokuwa zimepigwa na Wajerumani haohao. Ubelgiji wakakataa, wakasema tumevamiwa mara mbili. Akawaandikia tena. Wakatuma, na vyao vikawa miongoni mwa vizuri. Maonyesho yakafunguliwa Munich 1946, na Krismasi ya mwaka huo akamtafsiri yeye mwenyewe yule fahali, zikachapwa nakala 30,000 kwenye karatasi ya gazeti, wakagawiwa watoto wa Berlin. Baadaye 1949 akaanzisha maktaba ya watoto ya kimataifa hapohapo Munich, na 1953 ule umoja wa kimataifa wa vitabu vya watoto, IBBY.

Sasa kwa hoja ya mleta uzi. Katika kile kitabu Ferdinand hapigani na mtu. Fahali anapelekwa uwanjani, watu wamejaa, anakaa chini ananusa maua ya akina mama. Mchoraji hakuhitaji damu. Kwahiyo inawezekana.

#38 Mlinzi wa Zizi (Kakamega)
Huku kwetu fahali tunapiganisha Jumamosi asubuhi na isukuti inalia. Huyo wenu wa kukaa chini anuse maua, Jumatatu tungemkuta buchari.

#39 Kijiwe cha Kahawa
Huyo ndo angekufa kwa amani sasa.

#40 Mshamba Msomi
Mzee wa Maktaba shukrani. Ila tuwe wakweli, wale watoto wa Berlin walibadilishwa na kitabu au walikuwa wamechoka vita na wana njaa? Yeyote angependa fahali aliyekaa.

#41 Mzee wa Maktaba
Swali zuri, na mimi sikusema kiliwabadilisha. Nimesema walipewa. Jirani zetu Rwanda nao 1995, mwaka mmoja tu baada ya mauaji ya kimbari, ikaanzishwa Bakame, wachapishaji wa vitabu vya watoto kwa Kinyarwanda. Unaweza kujiuliza nani anawaza vitabu vya picha wakati ule. Na jina wamechukua la bakame, yaani sungura wa hadithi.

#42 Bi Mkubwa wa Unguja
Rudia hilo la mwisho Mzee, SunguraMjanja na Mshamba walisikie.

#43 SunguraMjanja
Nimesikia bibi. Nimekaa chini nanusa maua.

#44 Mgeni_2
Naomba PDF ya huyo fahali.

#45 Tochi
Mgeni kile kina haki za watu. Za bure halali zipo African Storybook, mradi wa Afrika Kusini tangu 2014, hadithi za picha kwa Kiswahili na lugha nyingi za kwetu, unapakua unachapa, hata ukitaka kutafsiri kwa Kisukuma ruksa. Kiswahili cha baadhi kinahitaji mkono, ila kwa darasa la 74 na kitabu kimoja sidhani utachagua.

#46 Mwl wa Awali
Nimerudi na mrejesho. Nimezipakua kadhaa, shule haina printa, nimechapa mjini kwa hela yangu tutaongea siku nyingine.

Nimefuata ushauri wa Mama Fizi, leo nimefungua mbuzi tena, sikusoma maneno, nimeuliza mnaona nini. Nimewagawa makundi kila mtu aone, siku mbili nimetumia. Hakuna aliyesema tusigombane. Swali la kwanza kabisa lilikuwa "mwalimu, nani alitangulia kuingia kwenye daraja?" Mwingine akadakia aliyetangulia ndo apite. Mwingine akasema hapana, apite anayewahi kuchunga, mwingine mwenye mimba. Nikasema haya, nani ametangulia? Sasa kwenye picha wako katikati wote. Darasa limegawanyika, nusu mbuzi mweupe nusu wa madoa, wamebishana mpaka saa ya uji, wawili wameninunia.

#47 Fundi Umeme
Umetoa nundu umeleta kesi ya ardhi 😂

#48 Mama Wawili Nairobi
Lakini hawajagongana?

#49 Mwl wa Awali
Hawajagongana. Gogo lipo palepale.

#50 Mkono wa Penseli
Mwalimu angalia vizuri, wachoraji huwa tunampendelea mmoja bila kujua. Hesabu mbao za daraja kila upande, mwenye mbao nyingi nyuma yake ndo aliyeingia zamani.

#51 Mwl wa Awali
Nimehesabu. Nane kwa nane. Mpaka rula nimeweka.

#52 Kijiwe cha Kahawa
Basi waogelee.